Kurasa Ngapi kwa Episodi Moja? Hesabu ya Manga Inapogeuzwa Anime

Mtu akimaliza msimu wa kwanza wa anime, swali la kwanza analolipeleka barazani, iwe Mkomani au Langoni hapa Lamu, ni hili: "Sasa manga niianze sura ya ngapi?" Majibu huwa mengi, na mengi ni ya kubahatisha. Huyu atasema rudi mwanzo kabisa, yule atataja sura iliyokwisha kupita nusu ya kisa. Jibu sahihi lipo, na linapatikana kwa kugawanya tu. Hesabu hiyohiyo ndiyo inayoeleza kwa nini anime moja inakushika mpaka alfajiri, nyingine inaburura miguu, na nyingine inakimbia kama inafukuzwa.

Kwanza neno lenyewe, maana huku kwetu linaweza kuchanganya. Manga ya Kijapani haina undugu na Manga ya pilipili manga. Ya kwetu ni jina la zamani la Uarabuni, hasa upande wa Omani. Ya Wajapani imeundwa kwa alama mbili, man na ga: ga ni picha, na man hubeba maana ya kitu kinachokwenda kwa uhuru bila kufungwa. Manga ni kisa kilichochorwa kwenye karatasi. Anime ni michoro inayotembea kwenye skrini. Si kila anime imezaliwa na manga, lakini zile kubwa zinazobishaniwa na vijana wa hapa, Naruto, One Piece, Attack on Titan, zote zimetoka kwenye karatasi.

Msomaji wa Lamu ana jambo moja linalomrahisishia kazi. Aliyepita chuoni akashika juzuu ya Amma, jicho lake limezoea kuanza kulia na kuishia kushoto, na mkono wake umezoea kufungua kitabu kwa upande ambao skuli wanauita mwisho. Tenzi za zamani za mji huu ziliandikwa hivyo hivyo, kwa herufi za Kiarabu. Manga inafunguliwa na kusomwa kwa mwelekeo huo. Anza kisanduku cha juu kulia, nenda kushoto, shuka safu ya chini, anza tena kulia. Ndani ya kisanduku, kiputo cha maneno kilicho juu na kulia ndicho kinachotangulia.

Mahali watu wanapopotea ni pale safu zisipolingana: upande wa kulia visanduku viwili vimepangwa kimoja juu ya kingine, upande wa kushoto kimesimama kimoja kirefu. Hapo tazama nafasi nyeupe zilizoachwa baina ya visanduku. Wachoraji wengi wa Kijapani huacha nafasi pana kati ya safu na safu, na nafasi nyembamba kati ya visanduku vya safu moja. Nafasi nyembamba inakwambia "endelea kushoto". Nafasi pana inakwambia "shuka". Kwa hiyo vile viwili vya kulia vinamalizwa kwanza, kisha ndio unahamia kile kirefu. Na ukiona nafasi baina ya visanduku imepakwa nyeusi ukurasa mzima, mara nyingi ni kumbukumbu: kisa kimerudi nyuma.

Sasa hesabu. Sura moja ya manga inayotoka kila wiki, kwa mfano katika jarida la Weekly Shonen Jump la kampuni ya uchapishaji ya Shueisha, ina kurasa kama 19. Sura ya jarida la kila mwezi ni ndefu, 40 hadi 45 na pengine zaidi. Juzuu moja ina kurasa 180 hadi 200, yaani sura tisa au kumi za wiki, ama nne za mwezi. Upande wa skrini, episodi ni dakika 24. Toa sekunde 90 za wimbo wa kufungulia, sekunde 90 za wimbo wa kufungia, na vionjo vya episodi ijayo. Kisa chenyewe kinabakiwa na dakika 20 au 21.

Kosa la kawaida ni kuhesabu sura badala ya kurasa. Ukisikia kwamba Attack on Titan, msimu wa kwanza, ilitumia sura 33 kwa episodi 25, utadhani iliburura sana. Lakini hizo ni sura za jarida la mwezi. Sura moja na robo hivi, mara kurasa 45, ni kama kurasa 60 kwa episodi. Msimu wa kwanza wa The Promised Neverland ulitumia sura 37 kwa episodi 12, sura tatu kila mara, na kwa kuwa ni sura za wiki unafika palepale: kurasa kama 60. Visa viwili, majarida mawili, mwendo mmoja.

Nionavyo mimi, anime ya vita na vituko huwa katika hali yake nzuri ikitumia kurasa 40 hadi 65 kwa episodi. Hunter x Hunter ya 2011 ilitumia sura 339 kwa episodi 148, kurasa kama 43. Msimu wa kwanza wa Jujutsu Kaisen, sura 63 kwa episodi 24, kurasa 50. Demon Slayer, sura 53 kwa episodi 26, inakaribia 39, na hapo studio ya ufotable ilijua inachofanya: pale ambapo mchoraji Koyoharu Gotouge alimaliza pigo kwa visanduku vichache, wao walilipanua kwa mwendo, rangi na muziki. Atakayesoma manga baada ya kuiona episodi ya 19 atashangaa jinsi tukio lile lilivyo fupi kwenye karatasi.

Fikiria nazi. Kasimele ni ile ya mkamuo wa kwanza, nzito. Ukiongeza maji kidogo unapata tui la kupikia wali, na hicho ndicho kipimo cha kurasa 50. Ukizidisha maji, wali unakuwa wa maji mtupu hata kama nazi ilikuwa njema. Mfano ni sehemu ya Dressrosa katika One Piece: sura 102, kuanzia ya 700 hadi ya 801, zilitandazwa kwenye episodi 118. Haifiki hata sura moja kwa episodi, yaani kurasa kama 16 kwa dakika 20. Kinachojaza muda ni marudio ya episodi iliyopita, nyuso zinazoshangaa moja baada ya moja, na pigo moja kuonyeshwa kwa pande tatu. Kisa cha Eiichiro Oda, mchoraji wa One Piece, hakina kosa hapo. Kwenye juzuu kinakwenda kwa kasi nzuri sana, na ndiyo maana ninawashauri wanaochoka Dressrosa wasiiache One Piece. Wahamie kwenye karatasi kwa sehemu hiyo, halafu warudi kwenye skrini.

Upande wa pili ni kulazimisha nazi kumi ziingie kikombe kimoja. Tokyo Ghoul:re, mwendelezo wa Tokyo Ghoul, ina sura 179, na anime yake ikapewa episodi 24. Hizo ni zaidi ya sura saba kila episodi, kama kurasa 130. Hakuna mwongozaji anayeweza kuzibeba kurasa hizo kwa dakika 20, hata awe fundi namna gani. Watu wanaingia na kutoka bila kuelezwa ni nani, na vita vinaanza kabla sababu yake haijasemwa. The Promised Neverland ilikutwa na hili vibaya zaidi. Baada ya msimu wa kwanza uliopimwa vizuri, sura 144 zilizobaki zilimalizwa kwa episodi 11 za mwaka 2021. Sehemu nzima ya Goldy Pond, ambayo wasomaji wengi wanaipenda kuliko zote, haikuonyeshwa. Inasikitisha, kwa sababu kazi ya mwandishi Kaiu Shirai na mchoraji Posuka Demizu ilistahili misimu mitatu mingine.

Death Note inafaa kuchunguzwa kwa makini, maana ndani yake mna mwendo wa aina mbili. Manga ina sura 108. Anime ya studio ya Madhouse, 2006 hadi 2007, ina episodi 37. Episodi 25 za mwanzo zinabeba sura 58, kama kurasa 44 kila moja. Episodi 12 za mwisho zinabeba sura 50, kama kurasa 80. Ile hisia ya watazamaji wengi kwamba "baada ya katikati imeharibika" ina mizizi hapo. Wapo wanaolaumu wahusika wapya, na manga pia inabadilika baada ya hapo, lakini kwenye karatasi wahusika hao wanapewa nafasi ya kufikiri na kukosea. Kwenye skrini wanapewa nusu ya nafasi hiyo.

Kipimo hiki si sheria. Fullmetal Alchemist: Brotherhood ina episodi 64 kwa juzuu 27, karibu kurasa 80 kwa episodi, na bado ni moja ya kazi bora zilizopata kutengenezwa. Lakini hata yenyewe inakimbia episodi kumi na kitu za mwanzo, na sababu inajulikana: sehemu hiyo ilikuwa imeshaonyeshwa kwa urefu katika anime ya kwanza ya 2003.

Kwa nini basi wasipime vizuri tangu mwanzo? Kwa miaka mingi anime ya kisa kirefu ilionyeshwa kila wiki, mwaka mzima, bila kusimama. Jarida la wiki halifiki matoleo 50 kwa mwaka, kwa hiyo mchoraji hatoi zaidi ya sura 50. Anime ya mwaka mzima nayo ina episodi karibu 50, na kila moja inataka sura mbili na nusu. Piga: sura 125. Anime inakula kwa mwaka mmoja kazi ya miaka miwili na nusu. Hata manga ikitangulia kwa miaka mitatu, anime itaifikia tu.

Ikiifikia, njia ni nne. Ya kwanza ni kuongeza maji, kama One Piece. Ya pili ni kutunga vijazio, visa ambavyo havimo kwenye manga. Naruto ndiyo mfano mkubwa: sehemu ya kwanza ya manga inamalizwa kwenye episodi ya 135, kisha kutoka ya 136 mpaka ya 220 karibu zote ni vijazio. Ukitaka kuvuka, toka 135 uingie Naruto Shippuden, mwendelezo wake, moja kwa moja. Ndani ya zile 135 unaweza pia kuruka 101 mpaka 106 bila kupoteza kitu cha kisa kikuu. Sura za 239 hadi 244, zinazoeleza ujana wa Kakashi, usizitafute hapo. Zimewekwa mbali sana, Shippuden episodi za 119 na 120.

Njia ya tatu ni kutunga mwisho wako mwenyewe. Fullmetal Alchemist ya 2003, yenye episodi 51, ilianza wakati manga ya Hiromu Arakawa, iliyoendelea hadi 2010, ilikuwa na miaka miwili tu. Anime ikachepuka, ikamaliza kivyake. Ni anime njema kwa haki yake, ila usijaribu kutafuta sura "ya kuendelea" baada yake, maana haipo. Njia ya nne ndiyo inayotumika sana leo: unatengeneza msimu wa episodi 12 au 13, unasimama, unasubiri manga isogee. Misimu ya televisheni ya Japani inaanza Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Hapa ndipo unapata kanuni ya haraka: msimu mmoja wa episodi 12 hula juzuu tatu au zaidi kidogo za manga ya wiki.

Mtu akikasirika kwamba msimu wa pili unachelewa miaka miwili, na atazame kazi ilivyo. Filamu inakwenda fremu 24, yaani picha 24 moja moja, kwa sekunde. Mchoro mmoja ukishikwa kwa fremu tatu, ambayo ni njia ya kawaida ya anime, unahitaji michoro minane kwa sekunde. Dakika 20 ni sekunde 1,200. Mara nane ni michoro 9,600 kama kila kitu kitatembea muda wote. Hakitembei. Mdomo unasogea uso ukiwa umetulia, mandhari inateleza nyuma ya mtu aliyesimama, macho yanapepesa. Mbinu hizi za kuokoa michoro zilishika mizizi na anime ya Tetsuwan Atom ya Osamu Tezuka, iliyoanza kuonyeshwa tarehe 1 Januari 1963. Ukiona episodi tatu za maongezi ya kukaa kitako halafu episodi moja ya vita inayotiririka, mara nyingi nguvu za wachoraji ziliwekewa akiba kwa ajili ya ile ya nne.

Kuna kitu kimoja ambacho skrini haiwezi kukichukua, nacho ni kugeuza ukurasa. Kwa kuwa manga inakwenda kulia hadi kushoto, kisanduku cha mwisho unachokiona kabla ya kugeuza ni cha chini kushoto. Hapo mchoraji anaweka kinachokuvuta: jicho limetoka, mlango unafunguka, mtu anasema "Wewe!" Unageuza, na jibu linakungoja kwenye ukurasa wa kulia, pengine limejaza ukurasa mzima. Kasi iko mkononi mwako. Anime inakuchagulia sekunde, wewe unafuata.

Ndiyo maana namna ya kuweka simu ina uzito. Programu nyingi za kusomea zina mtindo wa kuteremka wima, na vijana huupenda kwa sababu ni rahisi kwa kidole gumba. Mtindo huo unaua mgeuzo wote: jibu linaanza kuchungulia chini ya skrini kabla swali halijakaa. Chagua mtindo wa ukurasa kwa ukurasa, na mwelekeo wa kulia kwenda kushoto. Ukifika kwenye picha iliyotandazwa kwenye kurasa mbili zinazotazamana, laza simu ubavuni; ukiisoma simu ikiwa wima unaona nusu ya kulia pekee na hujui unatazama nini. Ukiona picha kubwa imekatika katikati na nusu zake zimebadilishana mahali, mwelekeo umewekwa kinyume.

Shueisha wenyewe wana programu iitwayo Manga Plus, iliyoanza mwaka 2019. Kwa kisa kinachoendelea, unapata bure sura tatu za mwanzo na tatu za mwisho. Lugha ni Kiingereza, Kifaransa, Kihispania na nyingine kadhaa. Kiswahili bado hakimo, na kwa wingi wa wasomaji wa mwambao huu ni pengo linalouma. Sura ya kurasa 19 ni nyepesi kwa bando kuliko episodi ya dakika 24, tofauti ni kubwa mno. Mwenye MB chache asome kwanza, kisha achague episodi zipi zinastahili kutazamwa kwa picha safi.

Filamu za sinema zina hesabu yao. Akira ya 1988 iliongozwa na mchoraji wake mwenyewe, Katsuhiro Otomo, na ina dakika 124 kwa manga ya zaidi ya kurasa 2,000 ambayo wakati huo ilikuwa haijamalizwa. Alichofanya ni kuchukua uti wa kisa na kuacha nyama nyingi, kwa hiyo aliyeona filamu bado hajaisoma Akira. The First Slam Dunk ya 2022 ilikwenda kinyume. Takehiko Inoue, aliyechora manga na kuongoza filamu, alichukua mechi moja tu ya mwisho, ile ambayo anime ya zamani ya episodi 101 haikuifikia, akaijaza saa mbili. Anayependa mpira wa kikapu na aitazame akiwa na sauti nzuri. Milio ya viatu na mpira imefanyiwa kazi kubwa.

Kwa waigizaji wa damu na nyama, One Piece ya Netflix, 2023, ilipigwa picha Cape Town, Afrika Kusini. Episodi nane zinabeba karibu sura 95, na Oda alikuwa mmoja wa wasimamizi. Vyombo vya baharini walivyovijenga ni vya ukubwa wa kukanyagika, na mtu aliyekulia karibu na mafundi wa majahazi wa Matondoni atapenda kuvitazama hivyo tu, kabla hata ya kisa.

Turudi kwenye swali la barazani. Baada ya Hunter x Hunter ya 2011, endelea sura ya 340. Baada ya msimu wa kwanza wa Jujutsu Kaisen, ya 64. Msimu wa kwanza wa Attack on Titan, ya 34. Wa The Promised Neverland, ya 38, na msimu wa pili usiuhesabu. Demon Slayer, baada ya episodi 26, ni ya 54, nayo ndiyo mwanzo wa filamu ya Mugen Train, inayofika sura ya 66. Tokyo Ghoul irudie kuanzia sura ya kwanza, kwa sababu msimu wa pili wa anime ulishika njia yake.

Kwa anime ambayo sijaitaja, fanya hivi. Jua manga yake ni ya wiki au ya mwezi. Ya wiki, zidisha idadi ya episodi mara mbili na nusu. Ya mwezi, mara moja na robo. Fungua sura hiyo na utafute tukio ulilolitambua. Ukikuta mambo mageni, rudi nyuma sura tano tano mpaka ukutane na sura ya tukio la mwisho uliloliona. Ukikuta uliyoyaona, songa mbele vivyo hivyo. Ukishalipata, rudi sura mbili zaidi kabla hujaanza kusoma, maana waandishi wa anime hupenda kuhamisha tukio dogo kutoka sura ya mbele ili wapate kufungia msimu, na katikati huachwa maongezi ambayo msimu ujao hauyarudii.